Naomba ushauri: nitampataje mwalimu mzuri wa gitaa la besi hapa Tabora?

Mleta mada

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaishi Isevya, Tabora mjini, nina umri wa miaka 36, na ninaimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu. Miezi mitatu iliyopita nilinunua gitaa la besi la nyuzi nne lililokwisha kutumika, kwa sababu mpiga besi wetu alihamia Kahama kikazi, na tangu aondoke nyimbo zetu zimekosa mahali pa kusimama. Nilidhani kazi kubwa ingekuwa kupata chombo, kumbe kazi ni kumpata mtu wa kunifundisha.

Mwalimu wa kwanza niliyempata ni mpiga solo hodari. Nilimlipa shilingi 40,000 za mwezi mzima, akaja siku tatu tu, na katika siku hizo sehemu kubwa ya saa alishika gitaa yeye mwenyewe huku mimi nikimtazama. Nilipomwuliza kwa nini nyuzi zangu zinatoa mkwaruzo kila ninapozibana, alinijibu kwamba vidole vitazoea. Sasa nataka kumtafuta mwingine, lakini sijui nitampimaje mtu katika jambo ambalo mimi mwenyewe silijui. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Nimepiga besi kanisani na harusini hapa Tabora kwa miaka 14, na ninakuhakikishia kwamba huhitaji kujua besi ili umpime mwalimu: angalia kama anaitazama mikono yako. Nilipomlalamikia mwalimu wangu kuhusu mkwaruzo huohuo, hakusema neno. Alikishika kidole changu cha shahada, akakisogeza mbele kwa upana wa punje ya mahindi, hadi kikakaribia kabisa kile chuma kinachokatiza shingo ya gitaa bila kukikalia, na sauti ikatoka safi papo hapo. Jaribu leo. Mkwaruzo ukiendelea hata hapo, huenda nyuzi zimeshushwa karibu mno na shingo au shingo imepinda, na anayeijua kazi atalishika gitaa na kulikagua kabla ya kulaumu vidole vyako.

Tena, hodari wa solo si lazima awe mwalimu wa besi. Katika besi yako kila uzi umepishana na wa jirani yake kwa umbali uleule, do hadi fa, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, ilhali gitaa la nyuzi sita lina mahali pamoja ambapo mpangilio huo unavunjika. Wewe ni mwanakwaya, do-re-mi unayo kichwani tayari. Ukishaonyeshwa vidole vya do hadi do katika ufunguo mmoja, unahamisha mkono tu na ufunguo mwingine unaupata kwa vidole vilevile. Mwalimu asiyeanzia hapo anakupotezea mtaji ulio nao.

Mwulize pia atakukutanisha lini na mpiga dramu. Mimi niliketishwa kando ya dramu kubwa kwa wiki sita, nikipiga noti moja tu kila mguu wa mwenzangu uliposhuka, na ingawa nilichoka na kukasirika, hapo ndipo nilipojifunza besi ni kitu gani.

Mchangiaji wa pili

Mdogo wangu, mimi ni mwalimu wa kwaya, na ninakushauri usimtafute mtu huyo Jumapili, kwa sababu siku ya ibada kila mpigaji anaonekana mzuri. Zungukia makanisa yenye vyombo siku ya mazoezi, uketi nyuma, umsikilize mpiga besi anavyomrekebisha mwenzake aliyekosea. Ukimpata mwenye subira, mkubaliane kulipana kwa kila kipindi kinapokwisha, wala si kwa mwezi. Usiwasahau wazee pia: mji huu ulikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na ukiulizia vizuri huenda ukamkuta mzee aliyewahi kushika besi enzi za dansi na ambaye atafurahi kuulizwa.

Mleta mada

Ninawashukuru sana. Nimejaribu suala la kidole jioni hii: nyuzi tatu zimetulia, ila ule mnene bado unakwaruza ninapoubana karibu na kichwa cha gitaa. Jumamosi nitakwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya jirani nikiwa nalo. Je, nifanyeje mazoezi nyumbani wakati sina amplifaya?

Mchangiaji wa kwanza

Egemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, ulibane kidogo, kisha upige. Mbao zitatetemeka nawe utasikia noti vizuri kuliko unavyotarajia. Usitegemee spika ya simu unaposikiliza nyimbo za kujifunzia, kwa kuwa sauti nzito za besi haziwezi kutoka humo; tumia visikilizio vya masikioni. Kuhusu uzi mnene, usiuguse wala usikaze chochote kwenye shingo. Huo ndio uwe mtihani wa mwalimu wako siku ya Jumamosi: mpe gitaa, mwambie unapokwaruza, kisha unyamaze umtazame.