Mkatoliki aliyeacha zaka na jumuiya: azikwe na padri au asizikwe?

Wakuu wa Tabora na Kigoma, hili huzuka misibani. Mtu amefariki, viongozi wa jumuiya, kile kikundi cha sala cha waamini majirani, wanafunua kadi yake: zaka hajatoa, jumuiya haendi. Neno linatoka kwamba padri haji. Wengi tumekubali kuwa hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa. Nabisha.

Sheria za Kanisa za 1983, kanuni ya 1184, zinataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa kuipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao kuzikwa kwao hivyo kungewakwaza waamini. Tena hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kadi ya zaka iko wapi hapo?

NZEGA: Mkuu, soma na kanuni ya 222. Muumini anawajibika kulitegemeza Kanisa. Wamisionari wa Mapadri Weupe waliofika Ujiji 1879 waliletewa fedha kutoka Ulaya. Leo bati la kigango, kanisa letu dogo la kijijini, tunanunua wenyewe. Halafu wewe hujawahi kumzika mwenzako, kaburi lako achimbe nani?

MLETA MADA: Wajibu upo, na vijana wakigoma kuchimba siwashangai sana. Ila jembe ni la jumuiya, ibada ni ya Kanisa. Kanuni ya 1181 inazungumzia sadaka za mazishi penyewe: pasiwe na upendeleo, na maskini asikose mazishi yanayostahili.

KASULU: Na aliyejinyonga? Kwetu hazikwi na padri.

MLETA MADA: Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaja aliyejiua kwa makusudi. Ya 1983 haimtaji, na Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2283, inasema Kanisa linawaombea. Wazee wetu walifundishwa ile ya kwanza, ndiyo maana.

URAMBO: Mnajificha nyuma ya maskini. Mimi namsema mwenye tumbaku yake. Masoko yakifunguliwa anauza, zaka hatoi, jumuiya anaiita ya wambea. Akifa mnamtakia Misa na kwaya?

MLETA MADA: Huyo ananiudhi hata mimi. Lakini ubahili wake si uasi wa imani. Na kanuni hiyohiyo ya 1184 inasema kukiwa na shaka aulizwe askofu, hukumu yake ndiyo ifuatwe. Mwenyekiti wa jumuiya mmempa cheo hicho lini?