Familia nzima inafikaje mpaka kukosa pa kulala?

mtu_wa_rangitatu: Wadau naombeni mnieleweshe. Jana usiku stendi ya Mbagala Rangi Tatu, hapa Dar, nimemkuta mama na watoto watatu, godoro wamelikunja, ndoo ya vyombo pembeni, mdogo bado kavaa sare za shule. Siku ya nne wako pale. Na siyo ombaomba, juzijuzi tu alikuwa na genge lake na kapanga vyumba viwili. Sijalala. Inakuwaje mtu anafika huku?

dalali_mstaafu: Nimefanya udalali Temeke miaka saba, mengi yanaanzia kwenye kodi ya miezi sita. Chumba cha elfu hamsini ujue unatakiwa na laki tatu kwa mkupuo, na hamsini ya dalali juu, sasa baba akiumwa bodaboda inalala, akiba inaishia kwenye dawa, kodi ikiisha wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na wakopeshaji wakikosa rejesho wanabeba friji, tv mpaka jiko la gesi, kwahiyo siku mnatolewa hata cha kuuza hamna.

Mama wawili: Mimi haikuwa kodi. Mume wangu alifariki, arobaini haijafika mashemeji wakaja, eti nyumba ya kaka yetu hii, toka. Matofali nilinunua mimi kwa hela ya vitenge!! Nikakaa kwa shoga yangu miezi mitano na wanangu, sebuleni. Ile sheria ya mila ya 1963, isiyompa mjane urithi, ndo wanayoishikilia hadi leo. Dada zangu, mkijenga wekeni majina yote mawili, na risiti tunzeni.

bondeni2011: Sisi yalikuwa mafuriko, Desemba 2011, Jangwani. Serikali ikatoa viwanja Mabwepande, kule nje ya mji, tulishukuru, ila baba anauza samaki soko la Feri, katikati ya mji, nauli ya kwenda na kurudi ikala faida yote. Majirani kadhaa waliuza viwanja wakarudi kupanga bondeni kulekule na mvua ikawakuta tena. Kiwanja bila riziki karibu mtu hakai.

dalali_mstaafu: @mtu_wa_rangitatu huyo mama mume yuko wapi?

mtu_wa_rangitatu: Nimerudi leo nikamuuliza. Amelazwa, mwezi wa pili huu, mguu, ajali ya bodaboda. Genge aliliuza kulipia upasuaji. Laki moja ninayo, mwenye chumba Mbagala au Charambe anayepokea kodi ya mwezi mwezi anicheki inboksi, hata leo usiku.