Fundi cherehani, mabega yamekunjamana mbele na mgongo wa juu unawaka: anyooshe wapi?

Mdau_Gerezani:
Wakuu, salaam. Naulizia fundi wa Kariakoo, miaka 34, anashona kwa cherehani ya kukanyaga saa 9 kwa siku. Kichwa kimetangulia, mabega yamejikunja, na ikifika saa 8 mchana katikati ya mabapa ya mabega panawaka moto. Akisimama, kiuno kinakaza. Anachuliwa, anapata nafuu siku mbili, halafu yaleyale. Tatizo liko wapi hasa?

Viungo_Temeke:
Mkuu, panapouma sipo penye kosa. Mikono ikiwa mbele kutwa, misuli ya kifua inakaza na kuyavuta mabega. Ile ya katikati ya mabapa inabaki imevutika kama kamba ya kuanikia iliyobebeshwa blanketi bichi. Inachoka, ndiyo inayowaka. Kuinyoosha zaidi ni kuionea, inataka nguvu.

Kifua ndicho cha kunyoosha. Asimame mlangoni, kiwiko usawa wa bega, mkono ulale kwenye fremu, mguu mmoja mbele, aegemee taratibu. Sekunde 30, mara 3 kila upande. Asibinue kiuno, atadanganyika kwamba kifua kinafunguka.

Kisha achukue tyubu kuukuu ya baiskeli, aikate iwe kamba, aizungushe kwenye nondo za dirisha usawa wa mbavu. Avute viwiko nyuma, abane mabapa sekunde 2, aachie polepole. Mara 12, mizunguko 3, siku 3 kwa wiki. Wengi huharibu hapa: wanapandisha mabega kuelekea masikioni, kazi inahamia kwenye misuli ya shingo ambayo tayari imekaza. Na aikague tyubu kila mara. Yenye nyufa ikikatika inaruka usoni.

Dada_Fizio:
Kiuno ni habari nyingine. Kukaa kutwa kunakaza misuli ya mbele ya nyonga, makalio nayo yanalala. Akisimama, nyonga haifunguki vizuri, kiuno kinabinuka kufidia.

Ajipime hivi: akae ukingoni mwa kitanda, alale chali, akumbatie goti moja kifuani. Paja la pili likibaki limenyanyuka juu ya usawa wa godoro, upande huo umekaza. Apime na wa pili, hasa kama anakanyaga kwa mguu mmoja tu.

Kunyoosha: goti la upande uliokaza chini juu ya kanga iliyokunjwa, abane kalio la upande huohuo KWANZA, ndipo asogee mbele kidogo. Asipobana, kiuno ndicho kinachojipinda na nyonga haipati kitu.

Kuimarisha: alale chali, magoti yamekunjwa, anyanyue makalio mara 12, mizunguko 3. Nyuma ya paja pakimkakamaa, nyayo ziko mbali mno; azivute karibu na makalio.

Mdau_Gerezani:
Dada, shukrani. Aanze na yote?

Dada_Fizio:
Hapana. Tyubu na makalio kwanza, aongeze mengine baada ya wiki 2. Nguvu ihukumiwe baada ya wiki 6 hadi 8, siyo siku 4.

Mwalimu_Mazoezi:
Hapo kwenye mkao natofautiana nanyi kidogo. Wapo wengi waliopinda mabega na hawaumwi popote. Kinachomchosha huyu ni kuganda mkao mmoja, hata ungekuwa mzuri kiasi gani. Pasi iwekwe mbali na cherehani, ili kila mshono unaotaka kupigwa pasi umnyanyue kitini. Lengo ni kusimama dakika 1 au 2 kila nusu saa. Kiti kiwe cha kumfikisha viwiko usawa wa meza.

Viungo_Temeke:
Nakubali, mkuu. Ila wakuu, hili lisipite: mguu ukikosa nguvu, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo na choo vikigoma au vikitoka vyenyewe, ni hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya usiku pamoja na homa au kupungua uzito nayo yanataka vipimo, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Hapo tyubu iwekwe pembeni.