Je, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kutibiwa kwa simu?

Muulizaji: Nina miaka 23. Tangu jana mkojo unanichoma kama pilipili, na kila nikienda haja hutoka matone tu. Je, daktari anaweza kuniandikia dawa kwa simu bila kupima mkojo?

Jibu la 1: Pole sana, dada. Anaweza, kwa kuwa kwa mwanamke kijana asiye mjamzito, dalili hizo, pasipo uchafu wala muwasho ukeni, kwa kawaida hutosha kutambua maambukizi ya kibofu. Ukipata homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, nenda hospitali mara moja, maana huenda bakteria wamefika kwenye figo.

Muulizaji: Homa sina, ila siku zangu zimechelewa.

Jibu la 2: Basi pima ujauzito kwanza, tafadhali. Mjamzito hupimwa mkojo maabara, na baadhi ya antibiotiki hazimfai.