DT 125 ya zamani: fundi wa kijiweni, wakala, kuagiza spea nje au kufunga injini ya Kichina?

Mkulima_Njombe
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki Yamaha DT 125 ya tustroku (injini inayochoma oili pamoja na petroli), zile walizokuwa wanaendesha mabwana shamba na mapadre. Imelala wiki ya tatu sasa. Ilianza kwa silensa kupanda yenyewe, inapiga resi nikiwa nimesimama tu. Halafu siku moja nikiwa napandisha mlima na gunia la mbolea, ikanata, yaani injini ikakwama ghafla. Ilipopoa ikawaka, ila kompresheni imekwisha, kiki inashuka kama pedali ya baiskeli.

Nimezunguka nayo sana. Kijiwe cha kwanza, kijana alifungua hedi, akainama, akapapasa huku na huku, kisha akaniuliza: "Kaka, tapeti zake zinarekebishiwa wapi?" Tapeti ni za valvu, na hedi ya injini hii haina valvu hata moja. Nikamshukuru, nikarudisha hedi yangu. Nikaenda kwa wakala mmoja mjini (simtaji). Kijana wa kaunta akabonyeza kompyuta, akasema modeli haipo kwenye mfumo. Hakunyanyuka hata kuiangalia, na ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

Zimebaki njia mbili: kuagiza pistoni nje, au kumpa fundi wa kuchomelea afunge injini ya CG 125 ya Kichina kwenye chasisi hiihii. Anasema siku mbili tu kazi imeisha. Waliopita njia hizi, mnaonaje? Kwa sasa injini nimeishusha, nati zote ziko kwenye sufuria.

kiki_moja
Uza chuma chakavu, ongezea, chukua Boxer. Spea zake unapata hadi kwenye duka la sukari. Mapenzi na pikipiki ya zamani ni gharama, mkuu.

Mkulima_Njombe
Boxer ninayo, kijana anafanyia biashara. Ila huku kwetu mvua ikinyesha, njia ya shambani DT inapita, Boxer inasukumwa.

FundiMstaafu_Moro
Mdogo wangu, usifungue pochi kwanza. Ulichoeleza hapo juu si ugonjwa wa pistoni. Pistoni ni marehemu tu, muuaji yuko kwingine.

Silensa ikipanda yenyewe kwenye tustroku, mtu wa kwanza kumshuku ni sili ya krenki (mpira unaozuia hewa kwenye shafti kuu ya injini) upande wa magneto, yaani penye flaiwili na umeme. Ikikakamaa, injini inavuta hewa pembeni ambayo haijapita kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli kidogo, na pistoni inapata moto kupita kiasi. Mlimani, na mzigo, inanata. Ukiweka pistoni mpya ukaiacha sili hiyo, utarudi hapa kulia upya. Sili ya upande wa klachi ikifa, dalili ni nyingine: moshi mweupe mwingi, na oili ya gia inapungua wakati huoni inapovuja.

Fungua magneto uone kama ndani kumelowa. Flaiwili itolewe kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje. Atakayekuja na nyundo, mwonyeshe mlango.

Sasa spea. Watu wanazunguka madukani wakiomba "beringi ya DT" na kuambiwa hakuna. Usitaje pikipiki! Toa beringi, ifute kwa petroli, soma ubavuni. Ikiandikwa 6205, hiyo ni tundu milimita 25, nje 52, unene 15, na inauzwa duka lolote la beringi, hata kwa wanaohudumia mashine za kusaga mahindi. Kama mbele yake kuna C3 au C4, nunua yenye alama hiyohiyo, maana inahusu uwazi wa ndani, na krenki inapata moto. Sili nazo ni hivyo hivyo, zina vipimo vitatu: shafti, tundu, unene. Kwa hiyo beringi na sili za krenki zinapatikana kwa vipimo bila kutaja jina la Yamaha.

Pistoni ndiyo ya kuagiza. Saizi ya kiwandani ni milimita 56, kisha kuna ovasaizi (kubwa kidogo, za silinda iliyochongwa), 56.25, 56.50 na kuendelea. Kwenye namba ya spea ya Yamaha angalia tarakimu tano za katikati: 11631 ni pistoni ya saizi ya kawaida, 11635 ovasaizi ya kwanza, 11636 ya pili. Alama tatu za mwanzo, herufi na namba, ndizo zinazotaja modeli, na hapo ndipo wengi wanapoletewa mzigo usiowahusu. Kwanza silinda ipimwe na mtu mwenye kipimo, si kwa kidole. Pistoni ikifika, mchongaji aichonge silinda akiifuata hiyo pistoni. Usichonge ukisubiri mzigo.

Nakuru_CG
Mimi niko na Honda CG 125 huku Kenya, na nataka kusema hii shida haiko sawa kwa kila pikipiki kuukuu. CG ilitoka 1976, ikiwa na fito za kusukuma valvu badala ya cheni ya taimingi, ndiyo ivumilie mtu asiyefanya sevisi. Wachina waliiiga sana, na Pakistan bado wanaiunda. Pistoni yake ni 56.5, so naingia Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, asubuhi, saa sita niko barabarani. Shida yangu ni ubora tu: kemshafti ya bei rahisi iliisha kabla ya mwaka, ile kuukuu niliyoitoa ilikuwa imekaa miaka. Siku hizi naomba ya Pakistan.
Lakini hiyo DT yako ni mnyama mwingine. Sikiza huyo mzee.

DadaSpana
Injini ya Kichina kwenye DT nimefunga, na nilijuta. "Siku mbili" zikawa wiki mbili. Vishikio vya injini vilikatwa vikachomelewa upya, eksozi ikatengenezwa ya kubahatisha, na cheni haikulala mstari mmoja na sproketi ya nyuma. Ilikula sproketi mbili ndani ya miezi mitano. Nguvu yenyewe ya mlimani haikuwa ile. Halafu kadi ya pikipiki: namba ya injini iliyoandikwa si iliyopo chini ya tangi. Trafiki akiinama kusoma, unaanza kujieleza. Ukiamua kufunga, nenda TRA (mamlaka ya mapato) kadi ibadilishwe, na uwe na risiti ya injini. Fundi wa kuchomelea hatakuambia hilo.

kiki_moja
Sawa, nimekubali kushindwa. Ila ile pampu ya DT inayopeleka oili kwenye injini aizibe, achanganye mwenyewe kwenye tangi. Pampu ikifa kimyakimya, injini nayo imekwenda.

FundiMstaafu_Moro
Hapo tutabishana. Pampu inaongeza oili kadiri unavyovuta mafuta, wewe ukichanganya unakisia tu. Siku ukimwazima mtu, ataweka petroli tupu. Nimepokea silinda nyingi za "nilimwazima shemeji". Ikiwa pampu imekufa kweli, ziba. Ikiwa nzima, toa hewa kwenye mpira wake baada ya kufunga injini. Hilo la kutoa hewa ndilo wanalosahau.

Mkulima_Njombe (baada ya siku kumi na sita)
Wakuu, nimerudi. Mzee wa Moro, shikamoo. Sili ya magneto ilikuwa ngumu kama kwato, ukiikunja inapasuka. Beringi nimesoma namba, nimezipata Makambako, kwa muuza vipuri vya mashine za kusaga kweli, tena aliniuliza mashine yangu inasaga gunia ngapi. Sili mbili zimetoka Kariakoo kwa basi. Silinda imepimwa: ovasaizi ya kwanza haitoshi, mikwaruzo ni mirefu, nimeagiza ya pili. Muuzaji yuko Uholanzi. Nauli imekaribia bei ya pistoni yenyewe, na ushuru sijaujua bado.

Injini ya Kichina nimeiacha. Fundi wa kuchomelea amenuna.

DadaSpana
Gasketi ya chini ya silinda umeagiza pamoja? Usije ukakata ya boksi la viatu.

Mkulima_Njombe
Imo. Kilichobaki ni kusubiri. Nati bado ziko kwenye sufuria, na mama watoto jana kauliza itarudi lini jikoni.