Kwa nini watu hawashuki kwenye pikipiki umri ukisogea?

Mwendo_wa_Kati
Wakuu, naomba majibu ya watu wanaojua. Mpanda pikipiki akivuka miaka 60, ndugu humkalia kikao auze chombo, naye hataki kusikia. Ni ukaidi, au kuna sababu ya maana? Na akiendelea, abadilishe nini kwenye pikipiki na kwenye mwendo wake?

FundiSpana
Si ukaidi. Pikipiki inaushughulisha mwili mzima: mkono wa kulia uko kwenye mafuta na breki ya mbele, wa kushoto klachi, mguu wa kulia breki ya nyuma, wa kushoto gia, na kiuno kinashika mizani. Aliyefanya hivyo miaka 30 hahitaji tena kuiwaza kila hatua, na akili yake hutulia akiwa barabarani kuliko akiwa kwenye kochi. Tena ana jicho la barabara. Gurudumu la mbele la gari likianza kupinda, anajua linakata kona kabla indiketa haijawaka. Uzoefu huo hufidia sehemu ya wepesi uliopungua. Sehemu tu.

Piga hesabu: ukiwa kilomita 60 kwa saa, unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kushika breki, mita 8 zimeshapita bure. Kwa hiyo aongeze nafasi na gari la mbele kutoka sekunde 2 hadi 4. Gari likipita nguzo, ahesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili" mpaka nne. Akiifikia nguzo kabla ya kumaliza, yuko karibu mno.

Klachi Nyepesi
Nikianza na chombo, uzito ndio wa kwanza. Wengi huanguka pikipiki ikiwa imesimama au inageuzwa polepole, si kwenye mwendo. Nyayo zote mbili zifike chini. Kuchonga sponji ya siti sentimita 2 au 3 ni salama kuliko kushusha shokapu. Ukishusha shokapu za nyuma, lazima foku za mbele (bomba mbili zinazoshika gurudumu la mbele) zishuke kwa uwiano na stendi ya pembeni ifupishwe. Stendi ikibaki ndefu, pikipiki inasimama wima mno na upepo mdogo tu unailaza upande wa pili.

Mgongo na mabega yakiuma, inua usukani sentimita 2 hivi. Ukimaliza, washa injini ikiwa gia huru, uzungushe usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta unavutwa. Usitoke nayo hivyo. Angalia pia mpira unaopitisha mafuta ya breki usikazike.

Vidole vyenye baridi yabisi huteswa na klachi nzito, na mara nyingi kosa ni la waya mkavu au uliopita kwenye kona kali. Usafishe au uubadilishe, halafu acha mchezo (ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta) wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wa klachi. Mtu akiukaza kabisa eti iwe nyepesi, klachi inateleza na sahani zinaungua.

Taa_Chini
Mimi nasisitiza macho. Uzeeni mboni haifunguki kwa upana uleule gizani, na lenzi ya jicho hutawanya mwanga, hasa mtoto wa jicho akianza. Taa ya gari la mbele inakuwa ukungu mweupe. Kioo cha helmeti chenye mikwaruzo huzidisha hali hiyo, kwa hiyo kibadilishwe, na cha giza kisivaliwe usiku. Kama bado ni shida, aendeshe mchana tu.

Dawa pia. Baadhi ya vidonge vya mafua na mzio huleta usingizi, na vya presha vinaweza kuleta kizunguzungu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa, aende hospitali hata kama anajisikia mzima, maana damu inaweza kuvuja ndani taratibu.

Dalili za kuacha: magari yanamshtua kila mara, "hili limetokea wapi?", shingo haigeuki kutazama nyuma ya bega, ameangusha chombo zaidi ya mara moja akiwa amesimama.

Mwendo_wa_Kati
Asanteni sana wakuu. Je, ahamie ya magurudumu matatu?

FundiSpana
Inasaidia miguu dhaifu, ila mkono ujifunze upya. Pikipiki ya kawaida ikiwa kwenye mwendo, unasukuma mbele mshikio wa kulia wa usukani ili iinamie kulia. Ya matatu isiyoinama, ukisukuma mbele mshikio huohuo wa kulia inakwenda kushoto. Mkono wenye mazoea ya miaka mingi utakosea hapo hasa wakati wa hofu. Azoee kwanza kwenye uwanja mtupu, kona na breki za ghafla, mpaka mkono uache kubisha.