Mrejesho: kalamu ya tableti sasa inasikia mkandamizo

Wakuu, niliuliza kwa nini mstari kwenye Krita (programu ya kuchora) unatoka na unene uleule hata nikikandamiza kalamu ya tableti ya kuchorea. Limekwisha. Kompyuta ilikuwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) mbili, ya tableti ya zamani na ya hii mpya, zinagombania kalamu moja. Nimefuta zote, nikawasha upya, nikaweka ya hii tu. Kisha kwenye mipangilio ya tableti ndani ya Krita nimetoka WinTab kwenda Windows Ink, yaani njia mbili za programu kupokea kalamu. Ukibadilisha hapo funga programu uifungue tena, la sivyo utadhani imegoma. Brashi nayo: bonyeza F5 ufungue mipangilio yake, upande wa saizi, tiki mkandamizo. Mkunjo wa grafu ya mkandamizo hapo nimeuinua kidogo kushoto, mguso mwepesi unaacha uzi badala ya kupotea. Na kwa vumbi hili la Dodoma, futeni tableti kwanza. Mchanga unakula ncha ya kalamu.